Miguu Miwili ya Mama Kankindi

Uvira, 13 Januari 2025

Anastase,

Nimepata kazi. Ni kwenye kituo cha viungo, kile cha upande wa Mulongwe, wanakotengeneza miguu ya bandia. Kazi yenyewe ni kuwafunga wagonjwa mikanda kwenye vifundo vya miguu. Kila mkanda una kifaa kidogo kama kiberiti, chenye taa ya kijani inayokonyeza. Kinahisi mguu unavyoinuka, unavyopinda na unavyotua, na hakisahau. Baadaye nakichomeka kwenye kompyuta, na mwendo wa mtu unatokea kama mstari wa milima: kisigino kikigonga chini ni kilima, mguu ukiwa hewani ni bonde. Wagonjwa wanakiita saa ya muguu.

Mkuu wangu ni Firmin, mtaalamu wa viungo, au kine kama tunavyosema. Ni kijana mwenye haraka, anayekula akiwa amesimama. Yeye huituma ile mistari ng'ambo, Bujumbura, kwa Dokta Nzeyimana mwenye utafiti. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema mwaka wa nne wa sekondari. Akasema yatosha, mkanda hauna falsafa.

14 Januari

Mvua. Nimechaji vifaa.

17 Januari

Leo ametujia Mama Kankindi. Alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka jana. Walikuwa wanakimbia kutoka Mulenge kushuka bondeni, risasi ikamkuta njiani. Risasi isiyo na mwenyewe, kama ile iliyokuchukua wewe.

Mguu aliopewa ni wa muda, unamchubua. Ile mizuri ya kudumu iko Bujumbura, tena ni michache. Dokta ameamua kuwapa wale ambao mistari yao itaonyesha kwamba wanatembea kweli. Kwa hiyo kila mgonjwa anavaa mikanda miwili, mmoja kila mguu, anaenda nayo nyumbani, anairudisha Ijumaa. Anayekaa tu hapati.

Nilipokuwa namfunga aliniuliza:

"Binti yangu, hii kintu inaona nini?"

"Inaona mguu tu, mama."

"Haioni fasi mguu umeenda?"

"Hapana. Inajua umetembea. Haijui umetoka wapi, wala umeingia kwa nani."

"Basi iko kama bwana muzuri," akasema, na wanawake wote kwenye benchi wakacheka mpaka Firmin akachungulia.

Nilimtembeza uani ili tupate mstari wa kwanza. Kilima kirefu, kilima kifupi, kirefu, kifupi. Mguu wake mwenyewe unatua kwa nguvu, ule wa plastiki unatua kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala.

Ndala zako zilisikika tangu kwa jirani. Moja inapiga, nyingine inaburuta. Nilikuwa naweka maji ya chai kwa sauti hiyo. Lakini sikumbuki ni mguu upi uliokuwa ukiburuta, na hakuna wa kumuuliza.

19 Januari

Jumapili. Nimeenda misa. Ziwa limepanda tena, maji yamelamba ukuta wa nyumba ya wale wauza chumvi.

24 Januari

Mama Kankindi amerudisha mikanda. Nimeichomeka, Firmin akaja nyuma yangu kutazama. Vilima vimelingana. Kushoto na kulia, urefu ule ule, asubuhi na jioni, siku zote. Firmin alimpigia Dokta hapo hapo. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, huyo mmama mzee. Ndiyo, mguu wa muda!" Alipokata simu alinipa mkono kama vile nimejifungua.

25 Januari

Sombe, yale majani ya muhogo, iliungua. Nimeila hivyo hivyo.

28 Januari

Wanasema Goma imechukuliwa na waasi. Kila nyumba imefungua redio, na kwa kuwa kila redio iko kwenye stesheni yake, barabarani husikii neno lolote. Kazini wamekuja wagonjwa wachache. Mvua mchana kutwa.

31 Januari

Mikanda ya Mama Kankindi tena. Vilima sawasawa, na hatua ni ndefu. Nimeitazama muda mrefu. Ni mtu anayeegemea kidogo upande mmoja, kama aliyebeba kitu kizito mkononi, na anatembea tangu alfajiri mpaka saa nne bila kupumzika. Nikamwambia Firmin kwamba Mama Kankindi hawezi kubeba kitu, mkono mmoja uko kwenye mkongojo.

"Mama Generose, usitafute mchawi kwenye habari njema," akasema.

Dokta amemweka wa kwanza.

2 Februari

Baada ya misa nimeenda Kavimvira, kwa Mama Kankindi. Nimemkuta amekaa mlangoni anamenya mihogo. Mguu wa plastiki ulikuwa umeegemezwa ukutani kama mwavuli, na sketi yake imekunjwa ili kidonda kipate hewa. Aliniona nikitazama.

"Karibu. Usiangalie huko, unaona haya kuliko minye mwenyewe."

Kabla sijaketi mwanawe akatokea njiani. Anaitwa Itangishaka, ana miaka thelathini hivi, mrefu, anachunga ng'ombe wachache wa watu huko bondeni, Kiliba, na kuleta maziwa mjini kwa bidoni, dumu la plastiki. Aliweka bidoni chini, akanisalimia kwa mikono miwili, akainama kukunja suruali iliyolowa umande. Taa za kijani zikakonyeza kwenye vifundo vyake.

"Mama," nikasema, "saa ya mguu ni yako."

"Ni yangu. Yeye ananivalia tu."

"Lakini inaandika mwendo wake, si wako."

"Sikiliza, binti yangu. Tulipokuwa kambini, wakigawa unga, jeton, kile kikaratasi cha kupokelea, ilikuwa na jina langu. Minye nikiwa mugonjwa, nani alikuwa anapanga mustari?"

"Mwanao."

"Na unga ulikuwa wa nani?"

"Wako."

"Sasa?" Akarusha muhogo kwenye beseni. "Jeton ni jeton. Wanataka Kankindi atembee. Kankindi iko natembea toka Kiliba mpaka soko kila siku."

Itangishaka alikuwa akitazama chini. Akasema taratibu, "Yeye anajaribu, mama Generose. Kila asubuhi. Iko natoka damu. Nilisema nimusaidie mpaka kipone."

Nilimweleza kwamba Dokta anatumia mistari hiyo kujua mguu unakaaje, na kama mstari ni wa mtu mwingine watamtengenezea mguu usio wake. Mama Kankindi alinisikiliza kwa heshima, kama watu wanavyomsikiliza mhubiri wa dini nyingine. Kisha akaniwekea mihogo mfukoni nikapike.

Njiani nilicheka peke yangu, Anastase. Ungempenda.

3 Februari

Nilitaka kumwambia Firmin. Alikuwa amebandika mstari wa Mama Kankindi ukutani, umechapwa kwa rangi. Nitamwambia Ijumaa.

7 Februari

Ijumaa. Hakuna aliyekuja kazini ila mimi na mlinzi. Mto Mulongwe umekuwa mwekundu kwa udongo.

12 Februari

Mvua. Mambo ya kawaida.

16 Februari

Bukavu imeanguka. Askari waliokimbia huko wanaingia mjini kwa miguu na kwa malori, wengine wamebeba magodoro. Jirani yetu amefunga duka katikati ya kumhudumia mteja, mteja akabaki na nusu ya sabuni.

18 Februari

Milio ya risasi tangu asubuhi. Watu wa silaha moja wanagombana na watu wa silaha nyingine, na sisi tuko katikati tukipika. Firmin alikuja mlangoni kwangu na begi. Alisema anavuka kwenda Bujumbura, mkewe ana mimba. Akanikabidhi ufunguo wa kituo na kompyuta, akaniomba niifiche. Nilimtakia safari njema. Baadaye nilimfikiria kwa ubaya, baadaye tena nikaacha. Nisingependa mke wake ajifungulie chini ya kitanda.

Nakuandikia nikiwa huko chini ya kitanda. Umeacha soksi moja huku.

19 Februari

Chini ya kitanda.

20 Februari

Kimya. Mvua ndiyo iliyopiga kelele peke yake.

21 Februari

Leo kabla ya mchana Mama Kankindi aligonga mlango. Ametoka Kavimvira mpaka hapa kwa mguu wa plastiki na mkongojo, katika matope. Soksi ya kisiki cha mguu ilikuwa imelowa damu. Sikuwa na haja ya mkanda kujua ametembea.

Itangishaka amekamatwa. Alirudi bondeni kuwatazama ng'ombe, na jana jioni vijana wenye silaha wa bariyeri, kizuizi cha barabarani kule mbele ya Kavimvira, wakamsimamisha. Wakamkunja suruali. Wakakuta taa mbili za kijani; tangu Januari hakuna Ijumaa iliyowezekana kuirudisha mikanda, naye alikuwa bado anamvalia mama yake. Kwa siku hizi, ambapo kila mtu anatazama angani akihofia ndege zisizo na rubani, na kwa uso wake wa watu wa Mulenge, ambao vijana wale huwahesabu kama waasi, ilitosha. Wanasema anaita droni. Wamemfungia kwenye nyumba ya mashini ya kusaga mahindi.

"Walimuuliza hizi ni nini," Mama Kankindi akasema. "Akasema ni miguu ya mama yake. Walicheka, halafu wakaanza kumupiga."

Nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Hakulia. Aliniambia, "Minye ndiye nilimufunga. Mikono hii."

Nilijaribu simu ya Firmin. Hakuna mtandao. Nilijaribu ya Dokta. Nilifikiria ni nani mwingine hapa Uvira anayejua vile vifaa ni nini, mwenye kauli ya kusikilizwa. Nilifikiria mpaka chakula kikapoa. Sikumpata mtu.

22 Februari

Hii nitaiandika kwa utaratibu, kwa sababu bado inanizunguka kichwani bila mpangilio.

Tulikwenda asubuhi kwa pikipiki, Mama Kankindi katikati, mimi nyuma na kompyuta imefungwa kwenye kitenge mgongoni kama mtoto. Mwenye pikipiki alitushusha mbali na bariyeri, akageuza bila kungoja shukrani.

Bariyeri ni mti umewekwa juu ya mapipa. Vijana walikuwa kama kumi, na mkubwa wao, wanayemwita Komanda, amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula mahindi ya kuchoma. Ni mtu wa umri wa mdogo wangu, miwani ya jua imepandishwa kwenye paji. Ile mikanda ilikuwa mezani mbele yake, na taa bado zinakonyeza. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbali nayo kidogo, bunduki imeielekea mikanda.

"Weye ndiye mwenye hivi bintu?" Komanda akauliza.

"Ni vya kituo cha viungo, Komanda. Minye ndiye navifunga kwa wagonjwa. Yule muliyemufunga alivaa vya mama yake, akatembea navyo."

"Vinaita droni."

"Haviiti kitu. Vinahisi mguu."

"Muongo huyu!" akasema yule mwenye bunduki, wanayemwita Tariki. "Taa iko nakonyeza nani?"

"Inasema betri ingali na moto."

Mwenzake akadakia: "Tariki, kama kila anayekonyeza ni mupelelezi, bibi yako tungemufunga zamani!"

Wakacheka wote, hata Komanda. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikamwambia: "Vaa weye mwenyewe, Komanda. Tembea mpaka kwenye ule mti na urudi. Kama droni itakuja, itatukuta wote hapa."

Aliniangalia, akaweka gunzi chini. Nilipiga magoti nikamfunga kama ninavyomfunga yeyote. Ana vifundo vyembamba. Alitembea mpaka kwenye mti akarudi, vijana wakimpigia makofi na kuimba kama anacheza mpira. Nilichomeka vifaa kwenye kompyuta, wote wakanizunguka, nikasikia harufu ya mahindi na mafuta ya bunduki shingoni mwangu. Mstari ukatokea.

"Hii ni minye?"

"Ni weye."

"Inasema nini?"

Hapo ndipo nilipokosa, Anastase, na sikujua kwamba nakosa. Kazini, mgonjwa akiuliza hivyo, tunamsomea mstari wake kwa sauti, mbele ya wenzake wa benchi, ili kila mmoja ajue kwamba hayuko peke yake. Ndivyo tufanyavyo kila Ijumaa. Kwa hiyo nikasoma.

"Mguu wa kushoto unatua polepole, tena mapema unauondoa. Ni nyonga. Iliumia zamani kidogo. Unaificha vizuri sana, kwa macho haionekani."

Kicheko kikakatika. Tariki akasema, bila ubaya nadhani, kwa mshangao tu: "Komanda iko kilema?"

Komanda alishusha ile miwani machoni. Alikaa akitazama kompyuta, na niliona kwamba sasa ananiamini kuhusu vile vifaa, na kwamba hilo halikumfurahisha.

"Mulete yule mutu," akasema. "Unasema alivaa yeye, akatembea yeye. Basi mwendo wake uko humo. Atembee tuone. Kama haifanani, weye pia unabaki."

Walimtoa Itangishaka. Walikuwa wamempiga kwenye nyayo. Alitoka ameshika ukuta, na ukuta ulipokwisha akasimama hapo akitafuta kingine cha kushika. Mama yake alikuwa amekaa chini, mguu wa plastiki umenyooshwa mbele. Hakuita jina lake. Nilimfunga mikanda juu ya uvimbe, nilijitahidi isibane. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Samahani, mama Generose, nimechafua vifaa."

Alitembea. Ilichukua muda. Hakuna aliyepiga makofi.

Niliweka mistari miwili pamoja, wa Januari na wa leo. Hata mtoto angeona.

"Hazifanani!" Tariki akapiga kelele. "Si yeye! Komanda, si yeye!"

"Hazifanani," nikasema, kwa sauti ile ile niliyosomea ule mwingine, kwa kuwa sikuwa na sauti nyingine, "kwa sababu nyayo zimepigwa. Mguu wa kulia umeumia zaidi. Kabla ya juzi alikuwa anatembea hivi. Sasa anatembea hivi."

Kisha nikafungua mstari wa kwanza wa mama yake, ule wa siku tuliyocheka kwenye benchi, nikauweka chini ya huo wa leo. Kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Nilikuwa sijapanga kufanya hivyo. Nilitaka tu kuona.

"Huu nao ni wa nani?" Komanda akauliza.

"Ni wangu," Mama Kankindi akasema kutoka pale chini. "Minye niko na muguu moja. Yeye nilimuzaa na miguu mbili, nilizihesabu siku ile. Munirudishie namna mulivyomuacha."

Mvua ilianza, matone makubwa, nikafunika kompyuta kwa kitenge.

"Nani alimupiga?" Komanda akauliza.

Vijana wakatazama barabara. Tariki alitazama ziwa.

"Nimeuliza nani."

Hakuuliza mara ya tatu. Aliinuka. Nadhani alijitahidi kuinuka vizuri, kwa kuwa sasa sote tulikuwa tunajua pa kutazama. Akasema, "Mubebe mutu wenu." Alipopita karibu yangu akapunguza sauti. "Mashini inabaki, na mikanda. Na weye, mama, keshokutwa nisikukute Uvira."

"Nimefanya nini, Komanda?"

"Unaangalia sana miguu ya watu."

Nilifungua kitenge nikamwachia kompyuta mezani. Tulimkalisha Itangishaka kwenye mkokoteni wa mtu aliyekuwa amebeba makaa, na Mama Kankindi akatembea pembeni akishika ubao. Tulikwenda hivyo mpaka Kavimvira. Hapo ndipo alipoanza kulia, na Itangishaka akamwambia, "Mama, wacha, utatuletea mvua nyingine."

23 Februari

Mtandao umerudi. Nilimwandikia Firmin yote, kuanzia jeton. Alijibu baada ya saa nzima. Dokta amefuta matokeo ya Mama Kankindi, na jina lake limerudi mwisho wa foleni. Chini yake aliandika: "Wavushe leo. Nitakuwa upande wa pili."

Nilikuwa nimemfikiria kama mtu aliyekimbia. Saa tisa, tulipofika mpakani, alikuwa amesimama upande wa Burundi, amelowa, na teksi ikiwa imewashwa injini. Nilimwona kwa mbali akimpokea Itangishaka begani. Mama Kankindi aligeuka akanipigia kelele juu ya vichwa vya watu:

"Binti yangu! Nimepoteza nafasi! Sasa nitatembea minye mwenyewe!"

Na akatembea. Niliutazama mwendo wake mpaka watu wakamfunika.

24 Februari

Anastase,

Leo navuka. Vijana wawili walipita mlangoni jana jioni, wakauliza kama ninajua kesho ni siku gani. Walikuwa na adabu. Mmoja alikunywa maji.

Nimekuja kwako asubuhi. Mvua imekula udongo upande wa miguu yako, nimeujaza na kuweka mawe. Msalaba nimeunyoosha. Majani yameota haraka, nimeyang'oa yote, hata yale madogo, lakini mvua hii haijaisha, na mwezi ujao yatakuwa marefu na sitakuwepo. Nimemwomba mama wa jirani apite. Amesema ndiyo, lakini naye amefunga mizigo.

Sijutii kwenda bariyeri. Nakuambia ili usinifikirie vibaya kwamba nimekuacha hapa peke yako. Mtu alikuwa ndani ya nyumba ile, na sasa hayumo. Bei yake ilikuwa mimi kutoka karibu yako. Nimeitazama pande zote, sioni namna nyingine.

Huko ninakokwenda hakuna anayekujua. Sitakuwa na mtu wa kumwambia "Anastase angesema hivi" naye akacheka. Kwa hiyo sisi wawili tutabaki wa kukumbukana tu, mimi kule, wewe hapa. Mimi sehemu yangu nitaifanya.

Wewe nawe, tafadhali, nikumbuke.

Generose wako